Traksheni baa kwenye pickup ya porini: maongezi yangu na wenye magari pale Nyakato

Haya ni maneno niliyoongea na wenye pickup na madereva pale Nyakato, hapa Mwanza, waliokosa kufika wamenisumbua sana kwenye simu wanataka niyaandike, basi nimeyaandika kama yalivyotoka, na maswali mawili matatu ya watu nimeyaacha humo humo.

Mwangaluka wazee wangu. Shikamooni wote mnaostahili, na vijana mambo vipi. Nimeambiwa niongee kuhusu traksheni baa, zile baa za kushika difu la nyuma, ile boksi ya meno inayogawa nguvu kwenye tairi, lisijinyonge, kwa sababu siku hizi kila kijana akinyanyua gari anataka na hiyo kitu, kaona picha ya gari la Marekani lina mabomba mawili mekundu chini basi na yeye anataka mabomba mawili mekundu. Sina ugomvi na rangi nyekundu. Ugomvi wangu ni kwamba wengi tunanunua baa ya barabarani tunaifunga kwenye gari la porini, halafu gari linakuwa baya kuliko lilivyokuwa.

Tuanze na difu lenyewe linafanya nini. Hapa naongelea magari ya springi za majani nyuma, Hilux, Land Cruiser mkonga, Ranger za kawaida, hizo nyuma ni majani. Ukikanyaga mafuta tairi inasukuma ardhi iende nyuma, na hausingi ya difu, yaani ganda lake la chuma, inapata msukumo wa kuzunguka upande wa pili, ni kama vile ukiwa kwenye mtumbwi ukivuta kasia maji yanaenda nyuma na mwili wako unasukumwa mbele, lazima ukanyage mahali miguu ishike. Sasa hausingi inakanyaga wapi? Kwenye springi, hamna pengine. Pua ya difu, pale inapoingia propela, ile shafti inayoleta nguvu kutoka mbele, inataka kupanda juu, kwahiyo springi upande wa mbele wa ekseli, ule mhimili wa tairi za nyuma, inapindishwa kwenda juu na upande wa nyuma inapindishwa kwenda chini, ukiangalia kwa pembeni jani linakaa kama herufi S.

Peke yake hiyo siyo mbaya sana, springi kazi yake ni kupinda. Shida inakuja tairi ikikosa mshiko. Ile nguvu iliyokuwa imejinyonga kwenye majani inajiachia ghafla, difu linarudi kwa kishindo, tairi inashika tena, linajinyonga tena, linajiachia tena. Hapo ndo unasikia gari linadunda nyuma du-du-du-du kwenye jiwe na wewe dereva badala ya kuachia mafuta unaongeza. Kinachokufa hapo mnakijua, krosi, kile kiungo cha propela, senta bolti inayoshika majani pamoja, jani la kwanza linakatika mbele ya ekseli, pinyoni, ile gia ya kwenye pua ya difu, inakula meno. Halafu unaambiwa spea ni feki. Wakati mwingine ni feki kweli, ila wakati mwingine hata ungeweka orijino ingekatika.

Na sisi huku kwetu tuna kila aina ya ardhi ya kulifanya difu lijinyonge. Mawe ya vilima vyetu hapa mjini, mtu anajenga nyumba juu kabisa anataka tripu ya tofali imfikie mlangoni. Ukienda Magu, Kwimba, Misungwi unakutana na mbuga, ule udongo mweusi, mvua ikinyesha unanasa tairi kama gundi, ukitoka hapo kidogo tu unaingia luseni, mchanga, tairi inachimba. Kayenze na Igombe unashuka mpaka mwaloni kubeba dagaa, unapanda na mzigo kwenye mchanga uliolowa. Daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea kusubiri kivuko lakini ukishavuka ukaiacha lami upande wa Sengerema mambo ni yale yale. Tairi inashika, inaachia, inashika, inaachia. Kule kwenye mashindano ya mbio za kunyooka Marekani ambako hizi baa zilipata umaarufu, gari liko kwenye lami kavu, linaondoka mara moja kwa nguvu zote, linaenda mbele tu, linanyooka, basi. Yule mtu hana jiwe chini ya tairi moja na shimo chini ya lingine.

Kwahiyo swali la kwanza kabla hujaenda kwa fundi ni hili: gari lako linajinyonga kweli? Maana kuna kudunda kunakotokana na vitu vingine kabisa. Ingia chini angalia yuboti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zimekaza, senta bolti haijakatika, bushi za springi hazijala, jani halijakatika, shokapu zinafanya kazi. Yuboti ikilegea ekseli inatembea juu ya springi na utadhani ni kujinyonga kumbe ni spana tu. Pia angalia kama umenyanyua gari kwa bloku, yale matofali ya chuma au ya alumini kati ya springi na ekseli. Bloku inaongeza mkono wa kunyongea, kadiri ilivyo ndefu ndivyo ekseli inavyopata nguvu ya kupindisha springi, na nimeona watu wamepanga bloku mbili moja juu ya nyingine. Hiyo itoe. Usiniulize baa gani inafaa gari lenye bloku mbili, nitakwambia nenda kwa fundi springi akutengenezee majani ya kunyanyua gari vizuri ndo urudi.

Kupima ni rahisi. Weka tairi za nyuma kwenye jiwe au kizingiti, gia ya kwanza, low, ile gia nzito ya four-wheel, mtu akae pembeni mbali, PEMBENI nimesema, sio nyuma ya gari na sio chini ya gari, au bora zaidi funga simu kwenye chesisi ikirekodi pua ya difu. Dereva aachie klachi taratibu gari lijaribu kupanda. Utaona. Pua ikipanda kidogo ikatulia, we huna tatizo, okoa hela yako. Ikipanda sana na propela inakunja kona pale kwenye krosi, au inapanda inashuka inapanda inashuka, hapo tuongee.

Na hata hapo kuna dawa ya bei ndogo kabla ya baa. Fundi springi mzuri anaweza kukuongezea jani upande wa mbele tu, nusu ya mbele ya springi, au akaongeza jani la pili linalozunguka jicho la mbele kama magari ya jeshi yanavyofanywa. Nusu ya mbele ikiwa ngumu pua haipandi kirahisi. Ila unalipia kwa gari kuwa gumu kidogo, na kama gari ni la mzigo muda wote hutajali.

Haya sasa baa zenyewe.

Kuna zile fupi zinazofungwa chini ya springi kwa yuboti, mbele zina raba, difu likipanda pua ile raba inagonga chini ya jicho la springi na inazuia. Ni rahisi, unafunga bila kuchomelea, zinauzwa mtandaoni kila kona. Kwa porini mi sizipendi hata kidogo, na sababu ni mbili. Zinaning'inia chini ya springi kwahiyo ndo kitu cha kwanza kugonga jiwe. Halafu zinazuia upande mmoja tu. Ukirudi nyuma kwa nguvu pua ya difu haipandi, inashuka, na raba inaachana na springi haifanyi kitu. Na porini nani asiyerudi nyuma? Nusu ya kujinasua kwenye mbuga ni rivasi.

Kuna zile za mabomba mawili, moja kila upande, nyuma zimeshikwa kwenye ekseli na mbele zimeshikwa moja kwa moja kwenye chesisi kwa bolti. Ndo hizo nyekundu. Kwenye lami zinafanya kazi vizuri tu. Zitie porini uone. Springi ikishuka na kupanda ekseli haiendi juu na chini tu, inatembea pia mbele na nyuma kidogo kwa sababu springi ikinyooka inarefuka, ndo maana kule nyuma springi ina shako, kile kiungo kinachobembea. Sasa baa imeshikwa mbele haina shako, inataka ekseli izunguke kwa duara lake, springi inataka duara lake, wawili wanavutana na gari linakuwa gumu. Halafu ikifika kwenye mawe, tairi moja juu na lingine chini, ekseli inalala upande, zile baa mbili kila moja inataka kuizungushia ekseli upande wake. Ekseli haiwezi kuzungukia pande mbili. Matokeo yake haitaki kulala, tairi moja linabaki hewani, umelipia hela upoteze mshiko.

Mnataka kuona hii kitu kwa macho? Kaangalie mbele ya Land Cruiser mkonga ile ya koili mbele, hizi zilizoanza 1999. Kila upande kuna mkono mkubwa, nyuma umeshikwa na bushi moja kwenye chesisi, na kwenye ekseli umeshikwa kwa bolti mbili. Mikono ile ndo inazuia ekseli ya mbele isijinyonge, yaani Toyota mwenyewe kaweka traksheni baa mbele. Lakini kwa sababu ni mbili na kila moja imeshikwa kwa bolti mbili, ekseli inapolala zile bushi zinafinywa kweli kweli, ndo maana mafundi tunazibadilisha sana na ndo maana watu wanalalamika mkonga mbele haulali vizuri kwenye mawe. Raba nene ndo inayookoa. Ukitengeneza nyuma kitu kama kile bila hata raba umejifunga mwenyewe.

Basi ya porini ninayowashauri ni MOJA. Baa moja, ndefu, umbo la ngazi. Kwenye ekseli imeshikwa sehemu mbili, juu na chini, ili ishike mzunguko. Mabomba mawili yanakuja mbele yanakutana kama pembetatu ndefu, na mbele kabisa kuna sehemu moja tu ya kushika, na hiyo haishikwi kwenye chesisi moja kwa moja, inashikwa kwenye shako fupi, na shako ndo inashikwa kwenye krosimemba, ile pau inayounganisha pande mbili za chesisi. Shako inaruhusu ekseli itembee mbele na nyuma inavyotaka. Kazi ya baa inabaki moja, kuzuia pua ya difu isipande wala kushuka. Inazuia kote kuwili. Mzigo haibebi, ekseli haivuti, hiyo yote ni kazi ya springi kama zamani.

Mama mmoja mwenye pickup za dagaa alinikatiza hapa akasema, "Fundi mwanangu, ukiniwekea hilo lichuma gari si litakuwa gumu, dagaa zangu zitafika zimekuwa unga?" Nikamwambia mama, swali lako ndo kipimo chenyewe. Baa iliyotengenezwa sawa hutaisikia kabisa ukiwa unatembea na mzigo wako, springi itacheza kama ilivyokuwa inacheza. Ukiona gari limekuwa gumu baada ya kufunga baa ujue kuna kitu kinavutana, shako imelala au imefungwa pembe mbaya au bushi hazizunguki. Mrudishe fundi chini ya gari. Usikubali aseme "itazoea". Chuma hakizoei.

Urefu. Hapa watu wanapenda fupi kwa sababu bomba linauzwa kwa mita. Tupige hesabu ya haraka. Mkonga una injini ya 1HZ, lita 4.2, inatoa nguvu ya kuzungusha karibu Nm 285. Chukua namba za mviringo, gia ya kwanza inazidisha mara 4, low mara 2.5, difu mara 4, unapata Nm 11,400. Usiogope, hiyo haifiki yote nyuma, ukiwa kwenye four inagawana na mbele, na tairi itateleza kabla. Kinachoweka mpaka ni mshiko. Sema nyuma kuna uzito wa kilo 1,500 na tairi inashika kwa asilimia 80, inasukuma kama kilo 1,200. Kutoka katikati ya tairi mpaka chini ni kama sentimita 38. Sasa baa ikiwa na urefu wa mita 1.2, pale mbele kwenye shako kunakuja msukumo wa kama kilo 380 kwenda juu. Ifupishe iwe sentimita 60, inakuwa kilo 760, mara mbili, kwenye bolti ile ile na krosimemba ile ile, na hapo sijaweka vishindo. Ndo maana unaona krosimemba za watu zimepasuka.

Faida nyingine ya urefu ni propela. Ukiweka sehemu ya kushika mbele karibu na pale propela inapotoka kwenye gia boksi ndogo, ile ya kugawa nguvu mbele na nyuma, baa na propela vinapanda na kushuka kwa duara linalokaribiana, pembe ya krosi haibadiliki sana. Kwahiyo usiniulize sentimita ngapi, lala chini ya gari lako, angalia propela inaanzia wapi na krosimemba imara iko wapi, ukipata kati ya mita moja na mita moja na robo hapo uko vizuri.

Shako isimame wima gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Ikilala sana, inapofika mwisho wake inakuwa sawa na hakuna shako, na ikipitiliza inageuka upande wa pili, hiyo nimeiona kwenye gari la mtu, iligeuka kwenye mawe na ikakaa hivyo hivyo mpaka mjini.

Pale mbele uweke nini, bushi au boli joint? Wale wa mashindano wanaweka boli joint ya chuma kwa chuma, inazunguka kila upande. Safi sana, ila matope ya mbuga na mchanga wa ziwani vinaitafuna, itaanza kupiga kelele ka-ka-ka na utaichoka. Kwa gari la kazi, mi naweka bushi kubwa ya raba, hata ile ya jicho la springi ya gari kubwa inafaa, inapatikana, ni bei rahisi, na raba inaruhusu baa kujipinda ekseli ikilala. Kwa yule anayecheza mawe kila wikiendi na anapenda kupaka grisi, achukue boli joint yenye nipo ya grisi. Ila bushi ngumu zile za plastiki pale mbele hapana, hazipindi, zinarudisha yale yale mavutano.

Bomba lisiwe la maji. Narudia, lisiwe la maji! Lile lenye zinki ukilichomelea moshi wake ni sumu, fundi ataugua homa usiku, na ukuta wake ni mwembamba. Tafuta bomba zito lisilo na mshono, kipenyo kama milimita 45 mpaka 50 na ukuta milimita 5 au 6. Bolti angalia kichwani zimeandikwa 8.8 au 10.9, zisizoandikwa kitu rudisha dukani.

Kuchomelea kwenye ekseli ndo mahali mafundi wetu wanaharibu. Yale mabomba ya pembeni ya hausingi ni chuma cha kawaida, yanakubali, lakini ukichoma mstari mrefu mara moja linapinda na hutaona kwa macho, utaona kwenye oili sili na bearingi zinazokufa kila mara. Choma vipande vifupi, hama upande, acha lipoe lenyewe, usimwagie maji. Ile sehemu ya katikati ya difu kwenye magari mengine ni chuma cha kumimina, ukichoma na rodi ya kawaida itashika leo, kesho itapasuka pembeni ya weldi. Kama huna uhakika tumia mabano ya yuboti, kaza, basi. Toa waya za betri kabla ya kuanza, na angalia tenki la mafuta na paipu za breki ziko wapi. Upande wa chesisi usichome kukatisha mkanda wake wa juu au wa chini, tengeneza krosimemba yenye sahani, ipige bolti pembeni. Na bomba la chini la ngazi lisishuke kuliko tumbo la difu, likiwa chini ya hapo linakuwa nanga.

Kijana mmoja wa Buhongwa akauliza, yeye Hilux yake siyo four, ni nyuma tu, anabeba mchanga, aweke? Nikamwambia bwana mdogo, wewe ndo unaweza kuhitaji zaidi kwa sababu nguvu yote iko nyuma, haigawani na mtu. Ila kwanza nionyeshe springi. Tukaenda kuangalia, majani yamenyooka kama rula, bushi zimekwisha. Huyo aanze na fundi springi, baa baadaye.

Mwingine akauliza pickup za koili nyuma, kama baadhi ya Navara. Hizo zina mikono yake tayari, kazi hiyo imeshafanywa kiwandani, ukiona inadunda angalia bushi za mikono.

Ukishafunga, usiondoke nayo moja kwa moja kwenda Sengerema. Toa shokapu za nyuma, weka jeki chini ya ekseli upande mmoja, panda mpaka mwisho, shusha upande wa pili mpaka mwisho, halafu badilisha. Angalia shako haifiki mwisho, baa haigusi ekzosi, paipu ya breki haivutwi, na zungusha propela kwa mkono kila mahali uone haikwami. Rudisha shokapu, tembea siku chache, kaza bolti zote upya maana zitakuwa zimelegea, halafu kila ukibadilisha oili pitisha spana pale. Hapo nje kuna Hilux nyeupe iko kwenye jeki tayari, mwenye nguo asizozionea huruma alale chini tuanze na huo upande wa kushoto.